Sharubati ya Asali Ipande Meza Kuu

Imeota mizizi mkoani kwetu Katavi desturi kwamba sherehe haihesabiwi kuwa sherehe mpaka meza kuu ijazwe chupa za soda na maboksi ya juisi yaliyosafirishwa kutoka mbali. Iwe harusi mjini Mpanda, iwe Idi, Krismasi au hafla ya Serikali, mgeni rasmi huwekewa kinywaji cha kiwandani, na kile kilichotengenezwa nyumbani huachiwa watoto na wapishi. Hiyo ni kasumba, wala hatuna sababu ya kuipa jina la adabu zaidi.

Mkoa huu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 umekalia hazina. Misitu ya miombo ya Inyonga, wilayani Mlele, hutoa asali yenye sifa njema. Lakini aghalabu asali hiyo huondoka ikiwa ghafi, ndani ya ndoo, na fedha zake tunazirudisha dukani kununua maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Ndugu zetu wa Visiwani wametutangulia katika jambo hili. Wao hawaoni haya kumkaribisha mgeni kwa sharubati ya ukwaju au ya mabungo iliyokamuliwa nyumbani. Nasi tuna ukwaju, wao wana karafuu na iliki. Vikikutana na asali ya Mlele katika jagi moja, huo utakuwa Muungano unaonyweka.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwa maji lita 5, roweka ukwaju nusu kilo, uvuruge kwa mkono safi na kuuchuja. Chemsha maji hayo pamoja na tangawizi iliyotwangwa, punje kumi za iliki na karafuu tano au sita. Zikizidi hapo, kinywaji hunuka dawa. Epua, funika, subiri mpaka yawe vuguvugu, ndipo utie asali vikombe viwili, kwani moto mkali huondoa harufu yake. Malizia kwa ndimu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, maana asali yaweza kumdhuru.

Hapa pana jambo ambalo wenyeji wa sherehe, hasa Waislamu, yawapasa kulizingatia. Asali iliyokomaa ina maji chini ya asilimia 20, na kwa sababu hiyo chachu za asili zilizomo ndani yake husinzia. Ukiizimua kwa maji, huamka. Jagi lililosahauliwa kwenye joto la Mpanda huanza kutoa povu, na hatimaye sharubati hugeuka kuwa wanzuki bila mtu yeyote kukusudia. Tulifundishwa chuoni kwamba Mtume alikuwa akinywa nabidhi, yaani maji yaliyorowekwa tende au zabibu, kwa muda usiozidi siku tatu, kisha huiacha. Busara hiyo inatufaa hata leo: itengenezwe asubuhi, inywewe siku ile ile.

Wapo watakaosema kwamba sherehe bila ukali haichangamki, nao humimina gongo ndani ya juisi ya embe ili kuficha harufu. Hao hawachanganyi kinywaji. Wanacheza na roho za watu. Methanoli haitambuliki kwa ulimi, na utamu wa embe hauipunguzi sumu. Novemba 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Gongo imekatazwa na sheria, na mwenyekiti wa mtaa anayeijua nyumba inayopikwa akanyamaza ni mshirika.

Kwa viongozi wa Chama na Serikali tuna neno moja. Hotuba za kuongeza thamani ya mazao tumezisikia vya kutosha, nyingine zikitolewa huku msemaji akifungua chupa ya maji ya kiwandani. Kamati za mapokezi ya Mwenge na za sherehe za Muungano zianze kuweka katika makisio yao fungu la sharubati ya asali, inunuliwe kwa vikundi vya akina mama wa Mpanda na Inyonga, na bwana afya aikague kabla ya wageni kufika. Na akina mama hao walipwe fedha taslimu siku hiyo hiyo, kabla maturubai hayajashushwa.