Ukimtuma kijana alinde wenzake, mpe na meno

Kila Agosti TikTok hujaa wasichana wa Chuo Kikuu cha Alabama, kule Marekani. Lazima umewaona. Mmoja anasimama mbele ya kioo akitaja gauni alilovaa, viatu alikonunua na hereni alizoazima. Wengine hamsini wanacheza densi nje ya jumba lenye nguzo nyeupe, wote wakitabasamu utadhani wanalipwa. Tangu video hizo zivume 2021, hata sisi wa Umoja na Rongai tuna maoni kuhusu nani atachukuliwa na nyumba gani.

Leo sitaki kuongea kuhusu hao. Nataka kuongea kuhusu msichana mmoja ambaye haonekani kwa video. Yuko ndani ya jumba kama hilo, chumba cha wageni, anafungua sanduku lake kwa mara ya sita mwezi huo. Ana miaka 22. Kazi yake ni kuhakikisha hao wengine hawafilisiki, hawafukuzwi chuoni na hawaumizani. Naijua kazi hiyo kwa sababu binamu yangu aliifanya.

Kwanza tuelewane. Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike chuoni, na fratiniti ni cha wa kiume. Majina yao mengi ni herufi za Kigiriki. Phi Beta Kappa ilianza 1776 katika Chuo cha William & Mary, Virginia, mwaka ule ule Marekani ilijitangazia uhuru. Wanafunzi weusi nao walijijengea vyao: Alpha Phi Alpha mwaka 1906 pale Cornell, ambayo Martin Luther King alikuja kujiunga nayo, na Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 pale Howard, chama cha Kamala Harris. Ukishaingia unaitwa dada au ndugu, unalipa ada, pengine mnaishi nyumba moja, na undugu huo hauishi ukihitimu. Chukua chama cha mathe cha kila mwezi, klabu ya chuo na ukoo, vitie kapu moja. Ndiyo hiyo.

Sasa, makao makuu ya vyama hivyo, ambayo mengi yako Indianapolis na viunga vyake, yatajuaje tawi lililo majimbo matano mbali linafanya nini? Hapo ndipo anaingia mshauri msafiri. Vyama vingi vikubwa huwaajiri wanachama wao waliomaliza chuo juzi tu, kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Wanafunzwa miezi ya kiangazi, kisha Agosti wanatumwa barabarani. Wanapumzika kidogo Krismasi, halafu wanarudi barabarani hadi Mei.

Binamu yangu alizaliwa Nakuru. Familia yake ilishinda grini kadi wakahamia Minnesota akiwa darasa la sita. Chuoni alijiunga na sororiti moja yenye wanachama wengi wazungu, akapanda akawa kiongozi wa tawi, na alipohitimu makao makuu yakampa hiyo kazi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini nauli na malazi vililipwa. Sisi huku tuliona picha za viwanja vya ndege tukasema huyu ameomoka.

Ukweli ulikuwa hivi. Anatua Jumapili jioni. Jumatatu anakaa na mwenyekiti, mweka hazina na msimamizi wa wanachama wapya, mmoja mmoja. Anapitia vitabu vya pesa: nani hajalipa ada, na kwa nini bajeti ya sherehe ni mara tatu ya bajeti ya masomo. Anaenda kuonana na afisa wa chuo anayesimamia vyama hivyo. Anahudhuria kikao, anakula nao, anapatanisha waliokosana kwa sababu ya mpenzi au sweta. Usiku wenzake wakilala, yeye anaandika ripoti. Siku ya tatu au ya nne anafunga sanduku, akihakikisha halipiti kilo 23 ndege isije ikamtoza, anaenda tawi lingine. Mwaka huo, kwa hesabu yake, alilala kwa vitanda zaidi ya 30 na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake.

Kuna watu Marekani wanaiona kazi hii kama mchezo, ati ni kulipwa kuzunguka ukihudhuria pati. Mimi siwezi kuicheka, na nitakwambia kwa nini.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitataja chuo gani, na si lazima. Karo ilikwama, nikaona haya kuwaambia wazazi, nikaanza kukosa masomo. Wiki saba nilikaa kwa bedsita nikitazama dari na kula mkate mkavu. Katika hizo wiki saba hakuna aliyebisha. Si mhadhiri, si kiongozi wa darasa, si komredi. Ujumbe pekee nilioupata kutoka chuoni ulikuwa SMS ya salio la karo. Nilipobeba godoro langu kuondoka, mlinzi ndiye aliyeniuliza, "Umehama, kijana?"

Kwa hiyo binamu aliponitumia sauti kwa WhatsApp akilalamika kuhusu kazi yake, mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba mahali fulani duniani kuna mtu analipwa kubisha mlango wa mwanafunzi na kumuuliza, "Unalala vizuri? Deni lako ni ngapi? Kuna mtu anakusumbua?" Na anayeuliza si mzee wa suti. Ni mtu aliyekuwa kwa viatu vyako mwaka jana. Wazo hilo ni zuri. Nasimama nalo.

Tatizo ni kwamba wazo zuri limepewa msichana mmoja na sanduku, basi.

Muhula wa pili alifika tawi moja akakaribishwa vizuri mno. Kila kitu kilikuwa safi, kila jibu lilikuwa tayari. Usiku wa pili alishuka kufua nguo, akamkuta mwanachama mpya, mtoto wa mwaka wa kwanza, anafua nguo za watu wanne. Walianza kwa stori za sabuni. Mwishowe msichana akasema yote: wanachama wapya walikuwa wananyang'anywa simu usiku, wanaamshwa saa tisa kuimba, wanafulia wakubwa, na mmoja alikuwa amezimia. Kisha akasema, "Tafadhali usiseme ni mimi."

Wamarekani huita mambo hayo heizingi. Sisi tuliosoma shule ya bweni tunayajua bila kutafsiriwa. Kama uliwahi kuitwa mono, ukapigia mtu wa kidato cha nne viatu rangi na kuimbia bafu, unajua.

Binamu aliripoti. Ilikuwa lazima, na ilikuwa sawa. Makao makuu yakapiga simu tawini, uchunguzi ukaanza. Lakini ni nani mwingine aliyekuwa chumba cha kufulia usiku ule? Wale wakubwa hawakuhitaji mpelelezi. Ndani ya wiki mbili yule msichana akawa haongeleshwi na mtu mezani, na kabla ya muhula kwisha akajitoa kwenye chama na kuhama nyumba. Binamu alizipata habari hizo akiwa tawi lingine, jimbo lingine. Aliniambia, "Kaka, mimi niliripoti nikaondoka. Yeye alibaki."

Hiyo ndiyo kasoro ya kazi hii, na si kosa la anayeifanya. Makao makuu yanamtaka awe dada ili wanachama wamwambie ukweli. Yanamtaka tena awe mkaguzi ili ukweli huo uingie kwa ripoti. Kisha yanampa siku tatu. Dada wa kweli angebaki hapo baada ya kusema. Mkaguzi wa kweli angekuwa na uwezo wa kusimamisha jambo siku hiyo hiyo. Yeye hakuwa na lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa na kompyuta na tiketi ya ndege.

Na heshima yenyewe hupewi kwa kufika tu. Kuna mlango mmoja kusini mwa Marekani alibisha, aliyefungua akamuonyesha mlango wa jikoni, akidhani ni mfanyakazi mpya. Usidhani hilo ni la ajabu. Pale pale Alabama kwa wale wa TikTok, ni mwaka 2013 tu ambapo gazeti la wanafunzi lilifichua kwamba sororiti za wazungu zilikuwa zinawakataa wasichana weusi waliofuzu, na chuo kikalazimika kufungua upya usajili. Utamkagua vipi mtu ambaye mlangoni ameshaamua wewe ni nani?

Mtu atasema natia chumvi, kufua nguo za wengine hakuui. Sikiza basi. Februari 2017, mwanafunzi wa miaka 19 anayeitwa Timothy Piazza alinyweshwa pombe usiku wa kukaribishwa katika fratiniti moja ya Chuo Kikuu cha Penn State. Akaanguka ngazi. "Ndugu" zake walikaa karibu saa 12 kabla ya kuita msaada, na akafariki. Jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka uliofuata. Desemba 2024 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya nchi nzima inayovilazimu vyuo kuhesabu na kutangaza hadharani visa vya heizingi. Hatua nzuri. Lakini sheria ya kutangaza huja baada ya jambo kutokea. Kabla ya hapo anahitajika mtu wa kubisha mlango, na huyo mtu ndiye tunayemzungumzia.

Wapo wanaosema dawa ni kuvunja vyama hivyo vyote. Mwaka 2020 wanafunzi wa Vanderbilt na vyuo vingine walianzisha kampeni ya kufanya hivyo hivyo, wengine wakajitoa kwa hiari. Siwalaumu hata kidogo. Ila nyumba zile bado zipo, na Agosti ijayo wasichana watacheza densi tena. Maadamu zipo, anayetumwa ndani atumwe kama mtu, si kama bahasha.

Mimi ningetaka mambo matatu. Watumwe wawili wawili: mmoja wa kusikiliza, mwingine wa kukagua, wasichanganywe. Pili, anayeripoti jambo la kuumizana awe na ruhusa ya kusimamisha shughuli za wanachama wapya papo hapo, hadi mkubwa afike. Na tatu, muhimu kuliko yote, aliyesema ukweli apewe mtu wa karibu, wa mji huo huo, wa kukaa naye hadi vumbi litulie. Hayo yanagharimu pesa, najua. Lakini wanachama hulipa ada kila muhula, na kama ada hiyo inaweza kununua maua ya plastiki ya kupamba jumba, inaweza kulipa nauli ya mtu wa pili.

Unaweza kuniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi ambao hatuna sororiti? Manze, yanatuhusu sana. Vyuo vyetu vina washauri rika. Vinawapa tisheti, semina ya wikendi na soda, kisha vinawaachia wenzao walio na msongo wa mawazo, madeni ya HELB na mimba za kuficha. Shule zetu zina viranja wanaotarajiwa kuripoti uonevu bwenini, halafu walale bweni lilo hilo usiku huo huo. Kampuni zetu zinamtuma kijana wa miezi mitatu kazini akazime moto wa mteja, bila hata namba ya meneja. Tunapenda sana kusema vijana wapewe nafasi. Mara nyingi nafasi tunayopewa ni ya kubeba lawama.

Kama wewe ni mmoja wa hao, uliza kabla ya kuvaa hiyo tisheti. Nikiambiwa jambo zito usiku, nampigia nani? Atashika simu? Aliyeniambia atalala wapi kesho? Kama anayekutuma hana majibu, mwambie ayatafute kwanza. Huko si kukataa kazi. Ni kumlinda yule utakayemkuta anafua.

Binamu yangu hakuongeza mwaka wa pili. Siku hizi anafanya kazi katika chuo kimoja, ofisi ya wanafunzi, na anaishi dakika kumi kutoka kwa bweni analolisimamia. Ana mshahara wa kawaida na kitanda chake mwenyewe. Nilimuuliza anachokipenda zaidi kuhusu kazi hiyo mpya. Akasema wanafunzi wakimwambia jambo Jumatatu, Jumanne wanamkuta bado yupo.

Mimi wiki zile saba ningehitaji hilo tu.