Jenerali Chipande na Mto Ruvuma: Funzo la Ukombozi kwa Usalama wa Mpaka wa Kusini

Kila ifikapo Septemba 25, Msumbiji huadhimisha Siku ya Majeshi yake ya Ulinzi kwa kukumbuka tukio la mwaka 1964, pale kikundi kidogo cha wapiganaji wa FRELIMO kilipokishambulia kituo cha utawala wa Kireno cha Chai, jimboni Cabo Delgado. Aliyekiongoza kikundi hicho alikuwa kijana wa Kimakonde, Alberto Joaquim Chipande, ambaye baadaye alikuwa jenerali na Waziri wa kwanza wa Ulinzi wa Msumbiji huru.

Kwa wananchi wa Lulindi, Masasi na Newala, historia hiyo haiko mbali. Anayesimama Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, huona chini yake bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo ndiko uliko uwanda wa Mueda alikozaliwa jenerali huyo. Lugha, unyago, ngoma na koo za pande hizi mbili zilikuwapo kabla wakoloni hawajaufanya mto kuwa mpaka. Kwa sababu hiyo, maisha ya Chipande yanabeba funzo ambalo wakazi wa mpakani wanalihitaji leo kama walivyolihitaji miaka ya 1960.

Chipande alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati Wamakonde wa Cabo Delgado walipokuwa chini ya kazi za shuruti, kodi ya kichwa na kilimo cha lazima cha pamba. Wengi walivuka Ruvuma kuja Tanganyika kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na bandarini. Huko walikutana na harakati za TANU, wakaona watu wanakutana hadharani kudai uhuru bila kupigwa risasi, nao wakaanzisha vyama vyao. Habari hizo zilirudi Mueda kwa miguu ya vibarua.

Kijana Chipande alibahatika kupata elimu ya misheni na kuwa mwalimu. Lakini tukio lililoyageuza maisha yake lilitokea Juni 16, 1960. Siku hiyo umati mkubwa ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala ya Mueda kusikiliza majibu ya gavana kuhusu madai yaliyowasilishwa na Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotokea Tanganyika. Wawili hao walikamatwa, umati ukapinga, na askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliouawa ambayo Msumbiji imeitaja kwa miaka mingi ni takriban 600, ingawa wanahistoria bado wanaijadili. Chipande mwenyewe alikuwapo. Katika ushuhuda wake, uliochapishwa na Eduardo Mondlane mwaka 1969, alieleza kuwa alinusurika kwa kujificha makaburini kabla ya kukimbia.

Kwa vijana wa kizazi chake, mauaji hayo yalifunga mlango wa kudai haki kwa maombi. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, Chipande alikuwa miongoni mwa walioondoka kwao na kujiunga nayo. Alikuwa pia katika makundi ya mwanzo yaliyopelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuishinda Ufaransa. Walirejea Tanganyika, ambako kambi ya Kongwa na baadaye ile ya Nachingwea ziliwaandaa wapiganaji kwa miaka yote kumi ya vita.

Wapo wanaohoji leo ni nani hasa aliyefyatua risasi ya kwanza mwaka 1964. Mjadala huo ni wa wanahistoria, na hauondoi jambo lililo wazi zaidi: vita hivyo visingedumu hata miezi michache bila nchi ya kupumulia. Nchi hiyo ilikuwa Tanzania, na mzigo mkubwa uliwaangukia wananchi wa mikoa ya kusini. Wakimbizi walipokelewa, wengine wakapewa makazi Rutamba, mkoani Lindi. Majeruhi walitibiwa katika hospitali ya FRELIMO mjini Mtwara. Wakulima wa mpakani, ambao wenyewe hawakuwa na ziada, waligawana chakula na wageni, wakatunza siri ya njia za kuvukia mto na kukubali hatari ya kulipiziwa kisasi na Wareno.

Mtihani mgumu zaidi kwa Chipande haukutoka kwa adui. Mwaka 1968 mgogoro ulizuka ndani ya FRELIMO, na mmoja wa vinara wake alikuwa Lázaro Kavandame, kiongozi wa chama hicho jimboni Cabo Delgado na mtu mwenye sauti kubwa miongoni mwa Wamakonde. Mwishoni mwa mwaka huo kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa safarini kuelekea Cabo Delgado. Februari 3, 1969 Mondlane aliuawa kwa bomu jijini Dar es Salaam, na miezi michache baadaye Kavandame alijisalimisha kwa Wareno. Kwa Chipande, njia rahisi ingekuwa kumfuata mkubwa wa kabila lake. Hakufanya hivyo. Alibaki katika safu ya Samora Machel, mtu wa Gaza kusini kabisa mwa Msumbiji, akaendelea kupigania nchi nzima.

Uamuzi huo ndio unaoeleza kupanda kwake kuliko mapigano yoyote. Mwaka 1970 Wareno waliporusha maelfu ya askari kuuvamia uwanda wa Mueda katika operesheni iliyoongozwa na Jenerali Kaúlza de Arriaga, walikuta jeshi ambalo halikugawanyika kwa makabila. Operesheni hiyo haikuimaliza FRELIMO. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, Chipande alikabidhiwa Wizara ya Ulinzi.

Nusu karne baadaye, ardhi ileile imerudi katika habari za vita vya aina nyingine. Tangu Oktoba 2017, makundi yenye silaha yameshambulia vijiji vya Cabo Delgado, ikiwamo wilaya ya Macomia kilipo kituo cha Chai. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa na wananchi wakapoteza maisha. Tanzania ilishiriki katika kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) kilichokuwa Msumbiji kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024.

Hapa ndipo tofauti inapopaswa kueleweka. Wapiganaji wa mwaka 1964 walivuka Ruvuma kwa idhini ya Serikali, chini ya uangalizi wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kwa lengo lililotangazwa hadharani. Wanaowashawishi vijana leo huwavusha kwa siri, kwa ahadi za fedha au kwa mafundisho potofu, na wanaouawa ni wanavijiji walewale ambao vita vya ukombozi viliwapigania. Ukarimu wa wananchi wa kusini haujabadilika, ila sasa unahitaji kwenda pamoja na tahadhari: mgeni aandikishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au serikali ya kijiji, na kijana anayetoweka bila maelezo aripotiwe mapema, kabla familia haijaamua kunyamaza kwa aibu au hofu.

Daraja la Umoja katika eneo la Mtambaswala, lililozinduliwa mwaka 2010, sasa linavusha abiria na bidhaa juu ya mto ambao Chipande na wenzake waliuvuka kwa kujificha. Ulinzi wa njia hiyo ni kazi ya vyombo vya dola, lakini macho ya kwanza ni ya wanaoishi kandokando yake. Kimya na umoja wao viliwahi kuilinda vita ya haki. Safari hii, usalama wa mpaka huo unawataka waseme.