Fundi akikwambia tovuti mpya iko tayari, muulize linki za zamani ziko wapi

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wenye tovuti zao, hata kama ni ndogo ya bidhaa ishirini tu, ambao wanafikiria kuhama. Labda unatoka WordPress kwenda Shopify, labda unabadili jina la biashara, labda umeona tovuti ya mwenzako inavutia ukasema na mimi nataka kama ile.

Msimamo wangu ni huu: ukihamisha tovuti bila kuelekeza linki za zamani, umehamisha picha na bei, wateja umewaacha. Na kazi ya kuelekeza linki isiwe "huduma ya ziada" ya kuombwa baadaye. Iwe ndani ya kazi yenyewe, muiandike kwenye makubaliano, na hela ya mwisho isitoke mpaka umejaribu mwenyewe kwa simu yako.

Mbona nakaza hivyo? Kwa sababu Google inatafuta kurasa, na kila ukurasa una anuani yake. Ukurasa wako wa mabegi ya shule umepanda taratibu, pengine miaka miwili mitatu, mpaka mtu akiandika "mabegi ya shule bei nafuu" unatokea juu. Hiyo nafasi hukuinunua. Umeipata kwa sababu anuani ile imekaa pale muda mrefu, na wengine wakaiweka kwenye kurasa zao. Siku anuani ikibadilika kimyakimya, Google ikija inakuta 404, yaani hapa hakuna kitu. Ikirudi tena na tena ikakuta hivyohivyo, inauondoa ukurasa kwenye majibu yake. Ule mpya, hata ukiwa na picha zilezile na maneno yaleyale, unaanza kama mgeni mtaani.

Mtu akihama fremu anabandika karatasi mlangoni: "Tumehamia mtaa wa pili, mlango wa bluu", na namba ya simu chini. Kwenye tovuti karatasi hiyo inaitwa 301. Ni maelekezo yanayowekwa kwenye sava, na anayegonga anuani ya zamani anapelekwa kwenye mpya bila yeye kufanya lolote. Google nayo inaelewa kwamba umehama kabisa, inaanza kuipa anuani mpya heshima ya ile ya zamani. Ipo na 302, lakini hiyo ni ya kuhama kwa muda, kwa hiyo hakikisha fundi hakuwekei hiyo.

Kuna wanaosema, "Mimi natoka WooCommerce kwenda Shopify, jina langu ni lilelile, kwa hiyo sijahama." Umehama. WooCommerce kwa kawaida inaweka bidhaa chini ya /product/, Shopify inaweka chini ya /products/, na huko Shopify huwezi kubadilisha. Tofauti ni herufi moja tu, "s", lakini linki za bidhaa zako zote zimekufa. Kama unabadilisha sava tu, na mfumo na linki vinabaki vilevile, hapo presha ni ndogo. Ukibadili mfumo au jina, lazima uelekeze.

Wengine wananijibu, "Wateja wangu wapo Instagram na WhatsApp, mambo ya Google hayanihusu." Sawa, lakini zile linki ulizotuma kwenye magrupu mwaka jana bado zipo kule. Mteja ambaye alishatumiwa linki ya begi, akasema nitachukua mwisho wa mwezi, akiibofya leo anakuta ukurasa mtupu. Hatakupigia kukuuliza. Atajua umefunga biashara, au mbaya zaidi, ataona wewe ni tapeli. Kwenye biashara zetu za mtandaoni, ambako mteja anatuma hela kabla ya kuona mzigo, ukurasa usiofunguka ni hasara kubwa.

Mafundi siwasemi vibaya. Wengi ni vijana wenzetu na wanajituma. Shida ni kwamba sisi wateja wao tunapima kazi kwa macho. Tukiona rangi nzuri na inafunguka haraka, tunalipa. Linki zilizokufa hazionekani siku ya makabidhiano. Zinaonekana wiki kadhaa baadaye, simu zikianza kupungua, na wewe unadhani ni hali ya uchumi. Kwa hiyo muombe haya kabla kazi haijaanza:

1. Orodha ya kurasa zote za zamani, na mbele ya kila moja anuani yake mpya. Karatasi ya Excel inatosha. Kama una Google Search Console, ambayo ni bure, ingia uone kurasa zilizobofywa zaidi. Inatunza takwimu za miezi 16. Hizo za juu ndizo zinazokulisha, anza nazo.

2. Kila ukurasa uende kwa mwenzake. Begi liende kwenye begi, kiatu kwenye kiatu. Wapo wanaofanya mkato, linki zote za zamani wanazimwaga kwenye ukurasa wa mbele. Mteja aliyetaka begi anajikuta mlangoni anaanza kutafuta upya, na Google mara nyingi inauhesabu ukurasa huo kama haupo. Bidhaa ambayo huuzi tena, ielekeze kwenye kundi lake kama linafanana kweli. Kama halifanani, iache ife.

3. Tovuti mpya isiwe imefungiwa Google. Kwenye WordPress, upande wa mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji. Mafundi hukitiki wakati wanajenga, ambayo ni sahihi, halafu siku ya kufungua wanasahau kukitoa. Kikibaki, hata 301 zako zote hazitakusaidia.

4. Siku ya makabidhiano chukua linki kumi za zamani, zibofye mbele yake kwa simu yako. Zikienda panapotakiwa, lipa. Mbili zikigoma, asahihishe kwanza.

5. Baada ya kuhama, peleka ramani mpya ya tovuti kwenye Search Console. Kama umebadili jina lote la tovuti, mle ndani kuna sehemu ya kuiambia Google kwamba umehama, itumie.

Halafu vumilia. Kupanda na kushuka kwa wiki chache ni kawaida, hata ukifanya kila kitu sawasawa, kwa sababu Google inapitia kurasa moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mwenye mabegi ya shule asihame Desemba. Wazazi wanatafuta kuanzia hapo mpaka shule zinapofunguliwa Januari. Hama wakati biashara yako imelala.

Maelekezo hayo usiyatoe baada ya mwezi. Google wanashauri yakae angalau mwaka mmoja, na mimi nasema yaache tu, hayali chakula. Kama umebadili jina, endelea kulilipia la zamani kila mwaka. Ukiliacha liishe, karatasi yako ya mlangoni inang'oka, na mtu mwingine anaweza kulisajili akapokea wateja wako.

Hapo kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: jina la tovuti liwe lako. Wengi wetu jina limesajiliwa kwa barua pepe ya fundi, nywila anazo yeye. Siku mkikosana huwezi kuhama vizuri, huna hata ufunguo wa mlango wa zamani. Dai lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, iwe .com au .co.tz.

Na wanaotegemea tovuti za bure wakumbuke kilichotokea 2024. Google ilikuwa inawapa wafanyabiashara tovuti za bure zinazoishia na business.site. Machi mwaka huo ikazizima. Waliobofya linki hizo walipelekwa kwenye wasifu wa biashara kwenye Google mpaka Juni, kisha ikaisha. Kama ulichapisha anuani hiyo kwenye mifuko na kadi, hukuwa na namna ya kuielekeza popote, kwa sababu haikuwa yako.

Kwa hiyo kabla hujahama, jiulize unahama kwa nini. Kama sababu ni muonekano tu, badilisha muonekano hapohapo ulipo, linki zibaki zilivyo. Ni rahisi zaidi na hupotezi mtu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tovuti yako ya zamani inaweza kuwa imechakaa, lakini ndiyo wateja wanayoijua njia yake.

Kama una mwenzako yuko mbioni kuhama, mtumie hii kabla hajamlipa fundi.