PAMPU IHOJIWE KABLA DEREVA HAJAHUKUMIWA



Reli ilifika Thika mwaka 1913, na tangu siku zile watu wa reli hujua kwamba mashine haisemi uongo, ila watu huweza kuisingizia. Leo twasema kwa ajili ya ndugu zetu madereva wa malori na matatu wa Thika na Ruiru.

Jambo lenyewe huwa hivi. Lori lenye mzigo linapanda kutoka mto Chania, linaishiwa nguvu, kisha linazimika. Tajiri akiitwa husema, bila kufungua hata parafujo moja, “Pampu ya mafuta imekufa, dereva ameiua, atalipa.” Mwisho wa mwezi mshahara unapungua. Haifai hata kidogo.

Fundi mwema huanza na vitu vya bei ndogo. Je, tangi lina mafuta? Filta imeziba kwa uchafu au maji? Bomba limelegea likavuta hewa? Katika gari la dizeli lenye pampu ya mkono, aisukume na kutazama mapovu. Katika gari la petroli lenye pampu ya umeme ndani ya tangi, asikilize kama inalia ufunguo unapowashwa, atazame fyuzi na waya, kisha apime nguvu ya mafuta kwa geji na kuilinganisha na kitabu cha gari lile. Hayo yote yakiisha kupimwa na kasoro ikabaki, ndipo pampu itolewe.

Kuitoa nako kuna adabu. Injini ipoe, nguvu iliyobaki bombani ipunguzwe, waya wa betri uondolewe, na sigara ikae mbali. Pampu mpya isitiwe katika tangi chafu wala kufungwa na filta kuukuu, maana itakufa kama ile ya kwanza. Mwisho itazamwe kama inavuja.

Tena tuulize, pampu huuawa na nani? Pampu inayopeleka dizeli kwenye sindano za injini hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, ulaini hupungua na vyuma husagana. Mchanganyiko huo si hadithi: mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Dereva aliyeagizwa na tajiri kujaza mafuta ya bei rahisi ana kosa gani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mshahara waweza kukatwa kwa mali iliyoharibika pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Pampu iliyochakaa kwa kazi si kosa la makusudi la mtu yeyote.

Basi, ndugu, fanyeni kama ilivyo desturi ya reli. Andikeni kasoro siku ile ile mnapoiona, na tarehe. Mwombeni fundi aandike alichokipima. Pampu na filta zilizotolewa zisitupwe, ziwekwe ziwe ushahidi. Mshahara ukikatwa, leteni karatasi zile kwa katibu wa chama mapema.

Kasoro isiyoandikwa hulipwa na mnyonge. Umoja ni nguvu.