Njia Kwanza, Baiskeli Baadaye

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ngamiani, Tanga, imekwisha kuamka. Muuza mikate amefunga kreti kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mwalimu amekunja mguu mmoja wa suruali na kuubana kwa kibanio cha kuanikia nguo. Mama mwenye buibui anakanyaga pedali taratibu, kapu likining'inia kwenye usukani. Tanga ni mji wa baiskeli, na wageni huliona hilo siku ya kwanza tu. Ajabu ni kwamba kijana wa Tanga anayepata ajira leo haioni baiskeli. Kwa mshahara wa kwanza anaitolea macho pikipiki, na ikimshinda bei hupanda bodaboda kwenda na kurudi, baiskeli akimwachia babu yake. Makala haya yana ombi moja kwake: airudie baiskeli, lakini airudie kwa akili, achague njia kabla hajakanyaga dukani.

Hesabu yenyewe haihitaji karani. Tuchukue mfano wa nauli ya shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000, na kwa mwaka ni 624,000. Fedha hizo zinatoka kidogo kidogo, ndiyo maana haziumi. Wala umbali hautishi: kutoka mtaa wa Kange hadi katikati ya mji ni kilomita tano au sita hivi. Mtu asiye na pupa, wa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, huzimaliza kwa dakika 20 hadi 25, kwenye ardhi ambayo ni tambarare karibu yote. Wala kijana huyo asiwadharau wa bodaboda, maana jina lao lenyewe limezaliwa na baiskeli: huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960 vijana walivusha abiria kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine, pikipiki zikaja kulirithi jina baadaye.

Sasa njia. Kosa kubwa la mwendesha baiskeli mgeni ni kupita palepale alipokuwa akipita na daladala, kwa sababu tu ndiyo njia anayoijua. Daladala linafuata abiria. Yeye hana abiria. Ngamiani imepangwa kwa barabara za namba, zilizonyooka na kukatana kwa pembe mraba, hivyo karibu kila barabara yenye vurugu ina jirani yake iliyotulia, hatua chache pembeni. Hapo kuna watoto, kuku, na mzee aliyeweka kiti barazani, lakini hakuna trela. Miji mingine ingelipa mabilioni kupata kitu kama hicho. Mji huu unacho bure, na wengi wanakipita bila kukitumia.

Trela ndilo la kuogopwa kuliko yote. Tanga ni bandari, na malori yanayotoka huko kuelekea Segera ni marefu. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto, mwendesha baiskeli hukaa ukingoni mwa kushoto, na hapohapo ndipo dereva aliyeketi juu, upande wa kulia, asipomwona. Lori likikata kona ya kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele; hupita ndani zaidi, hufagia hadi kwenye ukingo. Mwenye baiskeli aliyejipenyeza kati ya lori na ukingo wakati wa foleni amejiweka mdomoni mwa mamba. Na akae nyuma yake, hata kama anachelewa. Njia nzuri ni ile isiyomkutanisha nalo kabisa.

Kuna jambo ambalo wachache hulipima: jua. Mitaa mingi mipya ya makazi iko kusini na magharibi mwa mji, na kazi nyingi ziko upande wa bahari. Anayetoka Kange asubuhi anaelekea kaskazini mashariki, jua usoni. Jioni anarudi kusini magharibi, jua usoni tena. Asubuhi linachoma zaidi mwezi Juni, linapochomoza upande wa kaskazini. Jioni linachoma zaidi Desemba, linapotua upande wa kusini. Tatizo si macho yake peke yake. Dereva anayemjia kwa nyuma analitazama jua lilelile, na mtu aliyevaa shati la kijivu humpotelea machoni. Barabara yenye miti basi haina faida ya kivuli tu. Inakata mwanga.

Upepo nao una majira yake, na mtu wa pwani hana udhuru wa kutoyajua. Kaskazi inapovuma, kwenda mjini ni kwenda nayo uso kwa uso, na kurudi ni kusukumwa mgongoni. Kusi ikishika zamu, kurudi jioni ndiko kuzito, na barabara iliyo wazi humchosha mtu kuliko mtaa uliozibwa na nyumba pande zote mbili. Kwa hiyo anayeijua baiskeli huwa na njia mbili, na huzibadili kwa kufuata upepo, kama wavuvi.

Reli ni ya kukumbukwa pia. Ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na hadi leo imelala kati ya Ngamiani na mjini. Ivukwe kwa kuikata moja kwa moja. Anayeivuka kwa mshazari, hasa mvua ikinyesha, tairi lake hutumbukia kwenye mfereji kando ya chuma, na yeye hutangulia mbele ya baiskeli.

Njia ikishajulikana, baiskeli inajichagua. Kwa lami na mitaa iliyoshindiliwa, ile ndefu ya mtindo wa zamani wa Kiingereza, magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma, bado haijapata mshindani: Phoenix ya China, Hero ya India, au Raleigh ya babu ikipatikana. Ni nzito, lakini inabeba mtu na gunia. Iwe na madigadi, kwa ajili ya masika. Iwe na kava la cheni, kwa ajili ya kanzu na kanga. Na anayevaa buibui achukue fremu isiyo na mtalimbo. Anayekaa kwenye mchanga mwingi atafute tairi nene za inchi 26. Giya nyingi ni za watu wa milimani Lushoto.

Hapo ndipo mtumba unapowaponza watu. Baiskeli ya mtumba inang'aa, ina giya 18 na bei ya kutupa. Miezi michache baadaye iko kwa fundi chini ya mwarobaini, miguu juu. Fundi anafungua ekseli ya nyuma, anazimimina gololi kwenye kifuniko cha kopo la rangi: zimekuwa kahawia, zimelika upande mmoja, na grisi imegeuka uji wa mchanga. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Gololi anazo. Kifaa cha kuhamisha giya hana, wala duka la jirani halina. Anafupisha cheni, anafunga giya moja, na mwenye mali analipia mara ya pili kile ambacho angekipata mwanzoni. Afadhali aliyenunua baiskeli ambayo vipuri vyake vimetundikwa ukutani kwa kila fundi. Na cheni apake mafuta mepesi ya cherehani kila wiki. Oili chafu ya gari hukusanya mchanga hadi cheni ikasagika kama kwenye kinu.

Waajiri wasiachwe. Banda la mabati, chuma cha kufungia kufuli, na bomba la kunawia uso si gharama ya kumtisha meneja. Nao wanaoweka matuta barabarani waache uwazi wa kupita tairi moja ukingoni. Dar es Salaam ilijenga njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka yaliyoanza mwaka 2016. Kilichofuata ni pikipiki na meza za biashara kujimegea njia hizo. Saruji bila msimamizi haitoshi.

Anayetaka kuanza na atoke Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, apite njia mbili kwa saa ya mkononi. Tofauti huenda ikawa dakika mbili tatu. Aangalie vivuli, mashimo, mahali pa kuvukia reli, na alipo fundi wa karibu. Jumatatu aondoke dakika kumi mapema, matairi yote mawili yakiwa yamejaa upepo, na shati la kazi likiwa limekunjwa ndani ya mfuko kwenye keria.