Wajiolojia, basi lenu lisimame na Babati

Wiki hii sina stori ya bumu wala ya foleni ya kafeteria. Nina hoja, na naomba washkaji zangu wa jiolojia waisome mpaka mwisho kabla hawajaanza kunirushia mawe, maana wanayo mengi chini ya vitanda.

Hoja ni hii. Mikutano ya wajiolojia ina vitu viwili vitamu kuliko vyote: safari ya fildi na zile jioni za kukaa pamoja. Kwenye vyote viwili, mwalimu wa jiografia wa sehemu wanayokwenda kuitembelea simwoni. Nataka apewe nafasi. Sisemi akalishwe ukumbini kusikiliza mada za kemia ya miamba siku tatu mfululizo, huko hata wenyewe wanasinzia. Nasema kwenye basi, na kwenye nyama choma.

Kwa wasiojua, kuna Jumuiya ya Wajiolojia Tanzania, wenyewe wanaiita TGS, ambayo hukutana kila mwaka. Kuna pia mkutano wa kikanda wa jotoardhi, ARGeo, unaozunguka nchi za Bonde la Ufa kila baada ya miaka miwili. Ulianzia Addis Ababa 2006, ukaja Arusha 2014, na Novemba 2024 ulikuwa Dar es Salaam. Mikutano ya namna hii taratibu zake hazipishani sana. Mada ukumbini, halafu magari yanawashwa watu wanakwenda kuona ardhi yenyewe, na usiku ni chakula na maongezi. Wala si mtindo wa juzi. Januari 1947 Louis Leakey alipoita Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa mambo ya kale, wanasayansi wapatao 60 kutoka nchi 26, nao walitolewa nje kutembezwa kwenye maeneo ya uchimbaji ya akina Leakey. Watu wa fani hizi wamejua siku nyingi kwamba ukumbi peke yake hautoshi.

Rumeti wangu anasoma jiolojia na amewahi kwenda kwenye mkutano mmoja wa aina hiyo. Ukimuuliza mada gani ilimkaa kichwani, anakuna kidevu. Muulize kuhusu fildi sasa, hamlali! Anasema basi lilisimama pembeni ya barabara mahali palipokatwa mlima, wazee wawili wenye mvi wakachuchumaa mbele ya mwamba mmoja na kubishana karibu saa nzima, huyu anasema hivi, yule anasema vile, vijana wamewazunguka na madaftari. Mwisho hawakukubaliana. Usiku wazee wale wale walikuwa meza moja, sahani moja, wanacheka. Hapo ndipo mmoja alipomwambia rumeti, haya kijana, njoo ufanye mafunzo kwa vitendo kwetu. Hakutuma barua wala CV.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo stori ile ilinigusa upande mwingine. Sisi tunapewa desa lenye jibu moja, tunalikariri, tunalimwaga kwenye UE, kisha tunakwenda kulimwaga tena kwa watoto wa watu. Hatujawahi kuona wataalamu wawili wakipingana mbele ya jiwe. Mwalimu aliyeona hivyo hata mara moja hafundishi tena vile vile.

Sasa kwa nini Babati? Kwanza ni kwetu, sifichi. Lakini toka Arusha na basi uone. Ukifika Minjingu, ambayo iko wilaya ya Babati, kuna mgodi wa fosfeti inayotengenezewa mbolea. Fosfeti ile imetokana na kinyesi na mifupa ya ndege, pamoja na samaki, enzi Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Watoto wa hapa wanaona malori ya mbolea yakipita kila siku, na ni wachache wamewahi kuambiwa kwamba mizigo ile ni ziwa la zamani. Ukiingia mjini kuna Ziwa Babati lenye viboko wake, ziwa ambalo mwaka 1990 lilifurika mpaka mjini. Ukishika njia ya Singida unafika Dareda, ukuta wa Bonde la Ufa umesimama mbele yako kama mtu aliyekata keki. Endelea mpaka Katesh, na hapo juu yako kuna Hanang, zaidi ya mita 3,400, mlima wa volkano uliolala siku nyingi na wenye heshima kubwa kwa Wabarabaig.

Halafu kuna meno yetu. Jamani, ukitoka kanda hii ukafika chuo unataniwa wiki ya kwanza tu. Yale madoa ya kahawia yanatokana na floraidi, ambayo huingia kwenye maji kutoka kwenye miamba ya volkano, na yale magadi tunayotia kwenye maharage na makande nayo yanaongeza. Hii ni jiolojia iliyo mdomoni mwa mtu. Nimesoma jiografia tangu kidato cha kwanza na hakuna aliyeniunganishia hayo mawili.

Hayo bado ni ya kutania. Hili la Hanang siyo. Jumapili alfajiri, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walikufa. Siku ile simu zilijaa ujumbe kwamba volkano imelipuka. Serikali ilipeleka wataalamu, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba hapakuwa na volkano: sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji, ikaelemewa, ikameguka na kuwa tope.

Tofauti hiyo siyo ya kitabuni. Mtu anayeogopa volkano anatazama kileleni kama kuna moshi. Mtu anayejua habari ya tope anatazama mvua, anatazama nyufa za ardhi, anatazama mkondo wa maji ulio nyuma ya nyumba yake. Nilipokuwa TP huku nyumbani, mtoto wa kidato cha pili aliniuliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, Hanang utalipuka lini tena?" Hilo neno "tena" lilinikaa. Watu wa serikali walishasema, redio zilishasema, lakini mtoto anamsubiri mwalimu. Na mwalimu wake ana nini? Ana kitabu chenye mchoro wa mlima fulani wa Ulaya.

Najua wataalamu walikuja Hanang baada ya maafa, na walifanya kazi. Ninachotaka waje pia siku ambayo hakuna msiba, wakiwa na nafasi ya kuchuchumaa na kubishana, mwalimu wa Katesh akiwa pembeni yao anauliza maswali yake yote ya kijinga na yasiyo ya kijinga.

Rumeti ana vipingamizi vyake. Anasema viti vya basi ni vichache na watu wamelipia. Anasema wajiolojia wanataka kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, hawataki kugeuzwa darasa la kidato cha pili. Na anasema, hili kwa kunong'ona, kwamba walimu wakialikwa watauliza posho kabla ya kuuliza jiwe. La posho sikatai, nchi hii naijua. Lakini siombi viti ishirini. Naomba viwili. Na siombi safari nzima igeuke darasa, naomba kituo kimoja mtaalamu aeleze kwa Kiswahili cha kawaida anachokiona. Kama hawezi kukieleza kwa Kiswahili pale barabarani, basi mada yake ya ukumbini naitilia shaka kidogo.

Wenzetu hawaoni tabu. Kule Marekani ile jumuiya yao, Geological Society of America, imegawanyika katika kanda, kila kanda ina mkutano wake wa mwaka na safari zake za fildi, na walimu wa shule wana kiwango chao cha kujiandikisha. Na hapa jirani tu, upande wa Arusha, Ngorongoro hadi Lengai ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa jiopaki, na jiopaki maana yake ni kwamba miamba inatunzwa pamoja na elimu na wenyeji wake. Manyara tumebaki nje ya mstari, ingawa ukuta wa bonde ni huo huo.

Visingizio vya barabara havipo tena. Dodoma, ambako ndiko makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia, mpaka Babati ni lami, Arusha ni lami, Katesh ni lami. Rumeti amesoma rasimu hii akasema tatizo limebaki moja, Babati hakuna ukumbi wa kuwatosha. Nimemwambia ukumbi wabaki nao huko huko Arusha. Sisi tunaomba basi lisimame, na jioni moja. Samaki wa ziwani wapo, nyama ipo, na walimu wawili watakuja na madaftari yao.

Nawasilisha.