Uwanja umejaa maji, nani aseme mechi haipo?

Masika ya Pwani hayana adabu. Yanaanza Machi, yanakolea Aprili, na kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga mpaka Bagamoyo mjini, kiwanja cha jana kinaamka bwawa. Nguzo za goli zimesimama katikati ya maji, watoto wanaogelea pale ambapo beki namba tano alikuwa asimame.

Na kila masika kisa ni kilekile. Timu ya madaraja ya chini inatoka Dar kwenda kucheza Bagamoyo, kilomita kama 70 hivi. Costa imekodiwa kwa michango: mwenye duka katoa, mzee wa mtaa katoa, wachezaji wenyewe wamechanga buku mbili mbili. Wanafika Mwanakalenge saa 8 mchana, wanavaa jezi, wanapasha. Mwamuzi anaingia na mpira mkononi, anaudondosha kwenye eneo la penalti. Chwaa! Mpira haudundi, umetulia kama nazi iliyoanguka kwenye tope. Mechi imeahirishwa, jamani, mtapangiwa siku nyingine.

Siku nyingine ipi? Dereva wa Costa anataka hela yake upya. Straika ana kibarua, kipa kaomba ruhusa kazini mara moja na hapewi tena. Safari ya pili timu inakuja na watu tisa, au haiji kabisa, na pointi tatu zinatolewa mezani. Mvua ilinyesha juu ya timu zote mbili, ila hasara kaibeba mgeni peke yake.

Hapo mwamuzi asitukanwe. Sheria namba 5 ya soka inampa yeye mamlaka ya kuamua kama hali ya hewa na ya uwanja inaruhusu mchezo. Kipimo chake anakijua: dondosha mpira, usukume chini uone kama unatembea. Tena akiruhusu watu wacheze kwenye dimbwi, magoti na vifundo vya vijana ndivyo vinavyolipa. Uwanja nao unalipa, maana tope lililokanyagwa na watu 22 likikauka linakuwa mashimo magumu mpaka mwisho wa msimu.

Tatizo ni saa. Mwamuzi anaamua saa 9 na nusu alasiri jambo ambalo mtunza uwanja alilijua saa 1 asubuhi akiwa na mswaki mdomoni. Katikati ya saa hizo mbili kuna watu wengi waliojua wakanyamaza. Wanyamaze kwa nini? Kwa sababu anayesema wa kwanza kwamba mechi haipo ndiye anayeulizwa viingilio, maandalizi na posho. Basi kila mmoja anamsubiri mwenzake, na wote wanamsubiri mwamuzi.

Halafu kuna ushabiki wetu. Simba ikiwa na majeruhi watatu na mechi ikaahirishwa kwa mvua, wa Jangwani watakwambia hata mawingu yana kadi ya uanachama Msimbazi. Geuza timu, maneno yatakuwa hayohayo. Viongozi wanaogopa maneno haya kuliko wanavyoogopa mafuriko, na woga huo unasogeza uamuzi mbele mpaka watu wameshafika uwanjani.

Nchi hii inajua uchungu wa uamuzi wa dakika za mwisho hata pasipo tone la mvua. Mei 8, 2021 dabi ya Kariakoo ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo. Yanga wakaja kwa saa ya zamani, wakaondoka, na mechi ikachezwa Julai 3. Machi 8, 2025 Bodi ya Ligi ikaahirisha tena dabi siku yenyewe ya mchezo, baada ya Simba kugoma kwa kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Ikachezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Shabiki aliyetoka mkoani kwa basi alirudishiwa nini?

Wazungu nao hufanya madudu. Oktoba 16, 2012 pale Warsaw, Poland na England walikuwa wacheze kufuzu Kombe la Dunia kwenye uwanja wenye paa la kufungwa. Paa likaachwa wazi, mvua ikamwagika, mwamuzi akadondosha mpira ukagoma kudunda. Watu wakarudi hotelini na vikoti vya nailoni, mechi ikapigwa kesho yake, 1-1.

Waliojipanga ni wale wa mbio za kuteleza kwenye theluji. Wao wana siku maalumu ya ukaguzi kabla ya mashindano: theluji inatosha au haitoshi, jibu linatolewa watu wakiwa bado kwao. Mwaka 2022 mbio za wanaume zilizopangwa mwishoni mwa Oktoba kati ya Zermatt ya Uswisi na Cervinia ya Italia zilifutwa siku kadhaa kabla kwa sababu theluji ilikuwa haba. Wenye mahoteli walinuna, lakini hakuna aliyepanda mlima bure.

Mtu wa Bagamoyo atapinga, na ana hoja. Theluji haiji kwa nusu saa, mvua ya mwambao ndiyo zake. Asubuhi inapiga mpaka mtu anaona mwisho wa dunia, saa 7 jua linawaka, na kiwanja chenye kichanga kinakunywa maji yote. Ukiahirisha mapema utachekwa.

Sawa, acha wacheke. Uwanja uliolala na maji golini na katikati, na mawingu bado mazito, mechi yake iahirishwe saa 2 asubuhi. Ukiwa na tope tu, wageni waambiwe waje, mwamuzi atamalizia. Mara moja moja uamuzi wa asubuhi utakosea na jua litatoka kuwazomea wote. Kosa hilo ni la bei nafuu kuliko Costa mbili.

Na kanuni za ligi za wilaya na mkoa ziseme wazi: wageni wakishafika ndipo mechi ikaahirishwa bila taarifa ya asubuhi, nauli ya safari ya pili itoke kwa mwandaaji. Kuanzia hapo utaona msimamizi wa kituo anavyoamka alfajiri na mpira, anaudondosha, anarekodi video na kuirusha kwenye grupu la viongozi kabla Costa haijawasha injini.